Faini ya Mtani

Mimi ni Mzaramo na jirani yangu wa fremu ya tatu ni Mnyamwezi, kwa hiyo hatujawahi kusalimiana kistaarabu hata siku moja. Mimi nauza vifungo, zipu, lesi na lastiki. Yeye anauza nyuzi za cherehani. Asubuhi akifungua mlango wake hupaza sauti Kariakoo nzima isikie kwamba leo Mzaramo kaamka mapema, wazee wasome dua, kuna jambo. Mimi humjibu atue mzigo kwanza apumzike, maana babu yake alitembea na pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka hapa na yeye mjukuu bado anatweta. Wateja wageni hushtuka wakadhani tutashikana. Mafundi cherehani wanaotujua huendelea kuchagua vifungo vyao.

Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukuchekesha mbele ya wakwe, hata kuondoka na kuku wako. Kwenye msiba yeye ndiye anayefanya vituko watu wapumue. Sheria ya utani ni moja tu, nayo ni kwamba mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umekosa, utalipa faini, na faini anaitaja yeye. Baba yangu aliwahi kutoa mbuzi mzima kwa sababu alinuna pale mtani wake alipomwigiza anavyokoroma, tena kwenye matanga ya mama yake mzazi. Kwetu hasira ni ya kurithi, na mimi nilichukua fungu kubwa.

Binti yangu yeye alirithi utani. Alikuwa bado hana meno ya mbele alipoanza kupita kwenye duka la nyuzi akitoka shule, anatoa shikamoo yake kwa adabu zote, halafu kabla hajaitikiwa anauliza mbona leo mtani ananuka dagaa wa juzi. Mtani anaitikia marahaba na kumfukuza na ufagio. Ukiwakuta hivyo ungesema hawa hawapatani, kumbe mtoto akikosa kumwona siku mbili hali chakula vizuri.

Alipofika miaka saba akapata saratani ya damu. Sitasimulia miaka miwili yote ya wodini, kwani aliyeipitia anaijua na ambaye hajaipitia namwombea asiijue. Dawa ya kwanza ilimsaidia, akaota nywele, akarudi shule. Ugonjwa ukarudi. Dawa ya pili ikamsaidia kidogo. Ugonjwa ukarudi tena, na safari hii ulikuja na haraka.

Jumatatu moja daktari wake, dada mdogo kuliko mimi na mpole, aliniita kwenye chumba chake pamoja na mume wangu, ambaye ni fundi wa rejeta za magari kule mtaa wa Gerezani na ambaye siku hiyo alikuja na mikono ya masizi vilevile. Daktari akatuambia bila kuzunguka.

"Dawa nyingine ipo, kali zaidi. Tukimpa huenda ikaurudisha ugonjwa nyuma siku chache. Kumponya haitamponya. Na siku hizo atazimalizia hapahapa, mdomo umejaa vidonda."

"Na tusipompa?" nikauliza.

"Hatutamtupa, mama. Maumivu tutayatibu mpaka mwisho, na anaweza kuwa nyumbani kwenu. Nendeni mkalizungumze. Na yeye mzungumze naye, ana miaka tisa, anajua mengi."

Mume wangu akanitazama. Alisema, "Wewe ndiye unayelala naye hapa. Utakalosema, mimi nipo." Maneno mazuri, lakini yaliniachia mzigo wote kichwani. Mimi nilikuwa na jibu tayari kabla hata sijakaa kwenye kiti. Nikamwambia daktari ampe hiyo kali. Akasema basi wataanza Jumatatu ijayo, mtoto akipata nguvu kidogo, na kama tutabadilisha mawazo kabla ya hapo mlango wake uko wazi. Nikasema sisi si watu wa kubadilisha mawazo.

Kwa mtoto nikaenda na uso wa sikukuu. Nikamwambia kuna dawa mpya, hii ndiyo ya mwisho, akiimaliza anapona, na nitamnunulia baiskeli. Akanitazama kwa muda, akasema, "Sawa, mama." Nikafurahi kwamba amekubali. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Kesho yake saa za kutazama wagonjwa mtani akaja, amefunga kitenge kiunoni na kikapu mkononi. Binti yangu alikuwa amelala chali, mwembamba, dripu mkononi. Akafumbua macho.

"Shikamoo, mtani. Umekuja kuangalia kama nimeshakufa ukale ubwabwa?"

"Marahaba. Ndiyo, na sufuria nimeshaliosha. Wewe ndiye unayetuchelewesha. Nyie Wazaramo hata kufa mnafanya uvivu!"

Mtoto akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Leo nikikumbuka siku ile nakisikia kile kicheko, maana alikuwa hajacheka wiki nzima. Siku yenyewe sikukisikia. Nilisikia neno kufa, limetajwa kitandani kwa mwanangu, tena mara mbili. Nilimkamata mtani mkono nikamkokota mpaka kwenye korido. Nikamwita mchawi. Nikamwambia kama anatafuta maiti aende akatafute kwao Tabora, na asikanyage tena pale. Kina mama wa vitanda vyote walisimama kutazama. Mtani aliokota kikapu chake, akajifunga vizuri kitenge chake akaondoka.

Niliporudi kitandani binti yangu alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama, umemkasirikia mtani," akasema. "Utalipa faini."

Habari zilifika Kariakoo kabla yangu. Alhamisi nilipopita dukani kuchukua nguo, mama lishe wetu wa kona alinipa chai na pole, halafu akanitazama kwa jicho la pembeni na kuniuliza kama ni kweli nimemkasirikia mtani. Nikasema ni kweli. Akatikisa kichwa. Mafundi wawili waliokuwa wanakunywa supu wakainama kwenye bakuli zao. Mtani mwenyewe alikuwa mlangoni kwake, anapanga nyuzi kwa rangi, na alinipita kwa macho. Miaka kumi na moja hajawahi kukosa tusi la kunipa, na siku hiyo hakunipa hata moja. Niliumia kuliko nilivyotegemea.

Jumamosi nikaona yaishe. Mume wangu akakaa na mtoto, mimi nikaenda Ilala nikachagua jogoo mkubwa mwekundu, mwenye upanga wa kujivunia kichwani, nikamfunga miguu na kumpakata kwenye bodaboda mpaka Kariakoo. Jogoo hakunyamaza njia nzima. Nilipofika nikamweka juu ya kaunta ya mtani, mbele ya wateja wake, kama desturi inavyotaka.

"Nimekukosea. Faini yako hii."

Mtani akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Huyo kamle mwenyewe. Faini naitaja mimi. Sheria unaijua."

"Itaje."

"Mtoto arudi nyumbani."

Jogoo alichagua dakika hiyo kujinasua. Kamba niliifunga Kizaramo, alisema mtani baadaye. Akaruka kwenye rafu ya nyuzi, mabunda yakaanza kuporomoka, nyekundu, bluu, kijani, yakakunjuka njiani mpaka barabarani. Watu watano wakaanza kumfukuza. Sisi wawili hatukusogea.

"Nani kakwambia habari za kurudi nyumbani?" nikauliza.

"Yeye. Alinipigia kwa simu yako, wewe ukiwa umekwenda kufua."

"Kasema nini?"

"Kasema dawa kali hiyo haitaki. Yule mwenzake wa kitanda cha dirishani alipewa hiyohiyo, na mwanao aliona yote mpaka mwisho, nyie watu wazima mkidhani amelala. Kasema anataka kwenda kukaa dukani. Lakini akikwambia wewe, utalia."

Nikakaa kwenye katoni ya nyuzi.

"Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ndiye mama yake."

"Kwa sababu wewe unalia, na mimi nacheka naye." Akainama akaanza kukusanya nyuzi. "Na yale maneno ya ubwabwa tuliyapanga wote wawili kwenye simu. Alitaka ulisikie neno lenyewe likiwa ndani ya mzaha, ulizoee kidogo kidogo. Wewe ukanikokota, mkono wangu hadi leo unauma!"

Nililia hapohapo, kwenye katoni, na mtani akaniacha nilie bila kunichekesha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi nilikuwa nautumia msemo huo kama cheti cha kuamua peke yangu. Ukweli nausema sasa. Ile dawa ya Jumatatu sikuwa naitaka kwa ajili yake. Niliitaka kwa ajili yangu, nisije siku moja nikajiambia kuna kitu sikufanya. Na bili ya hofu yangu alikuwa anailipa mtoto wa miaka tisa, kwa mshipa wake.

Jioni ileile nikakaa kitandani kwake. Nilijitahidi nisilie, nikaweza nusu.

"Daktari anasema dawa haitakuponya," nikamwambia. "Si ile kali wala nyingine yoyote. Nilikudanganya. Wewe unataka nini?"

Akaitazama dripu yake.

"Nyumbani nitachomwa sindano?"

"Hapana. Kuna dawa ya maji ya maumivu, ya kunywa."

"Dukani nitakaa?"

"Utakaa."

"Na mtani amekubali jogoo?"

"Hajakubali. Faini yake ni wewe."

Akatabasamu, akafumba macho, akalala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwake mwezi mzima. Jumatatu tukaenda kwenye mlango wa daktari, ule aliosema uko wazi, na ulikuwa wazi kweli. Alitufundisha vipimo vya dawa, akatupa namba ya nesi wa kumpigia, anayeweza kutujia nyumbani. Alipomuaga mtoto alimpa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Ukoo ulikuwa na maneno yake. Kaka yangu mkubwa, ambaye alishafungua kundi la simu la kukusanya michango ya kumpeleka mtoto ng'ambo, alikuja nyumbani siku ya pili, shati limepigwa pasi, uso wa kikao.

"Mmemkatia tamaa mtoto," akasema. "Kukata tamaa ni dhambi. Mbele ya Mungu utasema nini?"

"Nitasema nilimuuliza," nikamjibu. "Wewe umemuuliza?"

Nilikuwa nimeshakwenda kwa shehe wa msikiti wetu, mzee asiye na mbwembwe, akaniambia tumeamrishwa kutafuta dawa, hatukuamrishwa kumtesa mgonjwa kwa dawa ambayo wenye ujuzi wanasema haifai kitu. Nikampa kaka maneno hayo pia. Akasema atafikiri. Nikamwambia akafikirie dukani, mpwa wake yuko huko.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha kuegemea tulichoazimwa na fundi mmoja, mito miwili, kilemba cha lesi kichwani, kopo la vifungo mapajani. Yule jogoo, aliyekamatwa baada ya kumaliza mtaa mzima, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kiti. Mtoto alikuwa amekataza asichinjwe, eti faini iliyokataliwa hailiwi. Kaka akaingia na uso wake.

"Shikamoo mjomba. Karibu. Unataka vifungo?"

"Marahaba. Hapana mama, nimekuja kukuona."

"Wa kuniona hununua. Na wewe kwa sababu umenuna, bei mara mbili."

Kaka alitoka pale na vifungo kumi na viwili vya gauni la bibi harusi, vyeupe, vya lulu. Hana binti wa kuoza. Wiki iliyofuata alirudi, akanunua zipu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki saba. Nitasema jambo ambalo wengine hawaniamini, kwamba zilikuwa wiki za furaha. Asubuhi dawa kwa kijiko, na juisi ya ukwaju ya kuondoa uchungu. Baba yake anambeba mgongoni mpaka dukani. Hapo biashara yangu inaharibika. Alipanga bei kwa sura ya mteja. Fundi mcheshi alipunguziwa, fundi mwenye haraka alipandishiwa. Kila aliyenunua alimpa nyongeza ya kifungo kimoja, na kwa makusudi akakichagua cha rangi isiyofanana na vile vingine, kwa sababu alisema vifungo vinavyofanana vinachosha. Mafundi wakaanza kuvishona kweli. Ukikutana Kariakoo na mtu aliyevaa shati jeupe lenye kifungo kimoja cha zambarau, ujue alipita kwetu.

Mtani alihamishia kigoda chake mlangoni kwangu. Walitukanana kutwa. Walizungumza pia mambo mengine, kwa sauti ndogo, na nikikaribia walinyamaza wakacheka. Mara moja niliuliza wanapanga nini. Binti yangu akasema ni mambo ya watani, mimi nina hasira, siambiwi.

Siku mbaya zilikuwepo. Kuna alizolala tu, kuna usiku wa kumpigia nesi, na kuna asubuhi nilijifungia uani nikajiuliza kama nimeua mwanangu. Swali hilo halijaondoka. Linakuja, nakaa nalo kwa muda, kisha nakumbuka kile kilemba cha lesi, linakwenda. Lakini nilijifunza kulia mbele yake kidogo, kwa kipimo kama cha ile dawa, naye akajifunza kunipa kitambaa bila kuogopa. Mara moja alilia yeye, na mimi ndiye niliyempa kitambaa.

Alifariki mchana, siku ya Ijumaa, kichwa mapajani kwangu, wakati baba yake anamsimulia habari za mteja aliyeleta rejeta yenye panya ndani. Nadhani aliusikia mwisho wa kisa, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekaa tayari kwa kucheka.

Siku ya pili nyumba ikajaa. Wanawake ndani, wanaume nje chini ya turubai. Mtoto alishaoshwa, ameshavishwa sanda, jeneza limeshafunikwa. Mimi nilikaa ukutani, sijui kulia wala kuongea. Nilikuwa nimekauka. Wanaume wakaingia kulichukua jeneza, wakalinyanyua, wakaelekea mlangoni.

Mlangoni alisimama mtani.

Alikuwa amevaa kilemba kile cha lesi. Jogoo mwekundu kwapani, kopo la vifungo mkononi, na gauni lake lote, kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo, amelishonea vifungo vya kila rangi, hakuna viwili vinavyofanana.

"Hapiti mtu," akasema kwa ile sauti ndogo ya mwanangu, ileile. "Wa kuniona hununua. Wewe mjomba, mbona umenuna? Bei mara mbili!"

Kaka yangu, amebeba jeneza begani, aliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Wanawake wakaanza kucheka, khanga midomoni. Mafundi nje wakacheka. Jogoo akawika, na kicheko kikapanda zaidi. Mimi peke yangu nilikuwa jiwe. Sikukasirika, sikucheka. Nilitazama tu vile vifungo.

Shehe akakohoa, akasema jamani muda. Mtani hakumsikiliza. Akapita katikati ya watu mpaka nilipokaa, akapiga magoti, na sasa alizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

"Mzaramo, hii siyo yangu. Nimeagizwa. Mwanao alisema jeneza lake lisivuke mlango mpaka mama acheke, kwa sababu anaogopa kukuacha unalia. Aliniapisha. Mimi nitasimama pale mpaka Isha, unatujua Wanyamwezi kwa kusimama na mizigo. Na ukinikasirikia, ni faini."

Jogoo akanidonoa kwenye goti.

Nikacheka. Kilitoka kicheko kikubwa, kibaya, na machozi yote niliyokuwa nayo yakatoka pamoja nacho. Mtani akanitazama mpaka akaridhika, akafuta uso wake kwa kile kilemba, akageuka akawaambia wanaume, "Haya, pitisheni."

Wakampitisha.